Don Knotts, Askari wa Risasi Moja

Miongoni mwa watu waliopata kuvaa sare ya polisi mbele ya macho ya mamilioni ya watazamaji, ni wachache waliochekwa kama Don Knotts wa Marekani. Bwana huyu hakuwa polisi wa kweli. Alikuwa mwigizaji, na kwa muda wa miaka mitano, toka 1960 hadi 1965, alicheza nafasi ya naibu wa mkuu wa polisi wa mji mdogo katika mchezo wa televisheni ulioitwa The Andy Griffith Show. Naibu huyo, jina lake Barney Fife, alikuwa na bastola kiunoni kama polisi wengine, lakini aliruhusiwa kuwa na risasi moja tu. Hata hiyo moja hakuruhusiwa kuitia ndani ya bastola. Aliiweka katika mfuko wa shati.

Knotts alifariki dunia tarehe 24 Februari, 2006, na mchezo wenyewe ulikuwa umekwisha kutengenezwa tangu 1968. Askari wanaosoma ukurasa huu, wawe kambini au katika doria ya mtaa kama Hai Malakal hapa Juba, huenda hawajapata kuuona. Si neno. Habari ya mtu huyu na risasi yake inamhusu kila aliyekabidhiwa silaha na kutumwa kwenda kukaa nayo katikati ya raia.

UTOTO WENYE HOFU

Jina lake kamili lilikuwa Jesse Donald Knotts. Alizaliwa tarehe 21 Julai, 1924, mjini Morgantown, katika jimbo la West Virginia, ambalo ni jimbo la milima na machimbo ya makaa ya mawe. Alikuwa kitinda mimba katika watoto wanne, wote wanaume. Baba yake, aliyekuwa mkulima, aliugua ugonjwa wa akili, na juu ya ugonjwa huo alikuwa mlevi. Siku nyingi alishinda kitandani. Siku nyingine aliinuka na kumtisha mwanawe kwa kisu. Mzee huyo alifariki wakati Don akiwa na umri wa miaka 13. Mama yake, kwa vile nyakati zile zilikuwa za dhiki kubwa ya uchumi, aliwalea wanawe kwa kupangisha vyumba vya nyumba yake.

Mtoto aliyelelewa namna hiyo hujua mapema jinsi hofu inavyoutetemesha mkono na kuikausha koo. Ujuzi huo mchungu ndio uliokuja kumpatia Don Knotts riziki na sifa.

Akiwa bado kijana alijifunza ufundi wa kuzungumza bila kutikisa midomo, ili sauti ionekane kana kwamba inatoka katika kinywa cha mwanasesere. Alikuwa na mwanasesere wa mbao aliyemwita Danny, akazunguka naye katika sherehe za shule na za kanisa. Alipomaliza shule alikwenda New York kutafuta kazi ya uigizaji. Jiji halikumpokea. Akarudi nyumbani, akajiandikisha katika Chuo Kikuu cha West Virginia.

JESHINI

Mwaka 1943, vita vikuu vya pili vikiwa vimepamba moto, Knotts aliingia katika jeshi la nchi kavu la Marekani. Alikuwa mwembamba, mwepesi, na hakuwa na umbo la kutisha adui. Jeshi likamweka katika tawi la huduma za burudani, naye akapelekwa Bahari ya Pasifiki pamoja na kikundi cha askari waigizaji kilichoitwa Stars and Gripes. Kazi yao ilikuwa kwenda kisiwa hadi kisiwa, nyuma ya majeshi yaliyokuwa yakipigana na Wajapani, na kuwachekesha askari waliotoka mapiganoni.

Huko ndiko alikoachana na mwanasesere wake. Inasimuliwa kwamba alikwisha kuchoka kuwa mtu wa pembeni anayetumikia kipande cha mbao, akamtupa Danny baharini. Tangu siku hiyo alisimama mbele ya watu peke yake, kwa uso wake na sauti yake. Alimaliza utumishi mwaka 1946, akiwa na nishani ya kampeni ya Asia na Pasifiki, nishani ya ukombozi wa Ufilipino, nishani ya mwenendo mwema, pamoja na beji ya kulenga shabaha. Kwa hiyo mtu aliyekuja kuchekwa na ulimwengu mzima kwa kutojua kutunza bastola, jeshini alikuwa amethibitishwa kuwa anajua kuitumia bunduki.

Uvumi umeenea kwamba Knotts alikuwa mkufunzi mkali wa gwaride katika kikosi cha wanamaji wa Marekani. Habari hiyo haina ukweli. Yaelekea watu waliipenda kwa sababu waliona haya kwamba mcheshi wao alitumikia taifa kwa kuchekesha. Lakini kamanda yeyote aliyepata kuongoza watu vitani anajua kwamba moyo wa askari nao huhitaji chakula. Wakoloni wa Kiingereza walilitambua jambo hilo pia: katika vita hivyo hivyo, askari wa Kiafrika wa King's African Rifles walikuwa na kikosi chao cha burudani, ambamo alikuwamo Fundi Konde, mpiga gitaa mashuhuri wa pwani ya Kenya. Aliyewaburudisha askari Burma na aliyewaburudisha Ufilipino walikuwa wanajeshi wenye amri, sare na zamu, sawa na wenzao wote.

KUKUTANA NA GRIFFITH

Baada ya vita Knotts alirudi chuoni, akahitimu masomo ya ualimu mwaka 1948. Alikuwa amekwisha kuoa mwaka uliotangulia. Badala ya kwenda kufundisha, alimchukua mkewe wakaelekea New York kwa mara ya pili. Safari hii jiji lilimpa nafasi. Kwa miaka kadhaa alisikika redioni katika mchezo wa watoto akiigiza mzee mmoja mwongo mwenye hadithi ndefu, kisha akapata nafasi ndogo ndogo katika televisheni.

Mwaka 1955 aliajiriwa katika mchezo wa jukwaani ulioitwa No Time for Sergeants, unaohusu kijana wa shamba aliyeandikishwa katika jeshi la anga na kuwasumbua wakubwa wake kwa unyofu wake. Kijana huyo aliigizwa na Andy Griffith, mzaliwa wa mji mdogo wa Mount Airy katika jimbo la North Carolina. Knotts alikuwa na nafasi mbili fupi tu, moja ikiwa ya koplo anayewapima askari wapya. Wawili hao waligundua kwamba walilelewa na watu wa aina moja, wenye lafudhi za milimani na hadithi za barazani. Urafiki wao ulidumu zaidi ya miaka 50.

Kuanzia 1956 Knotts alijulikana kote Marekani katika kipindi cha televisheni cha Steve Allen, ambamo aliigiza mtu mwenye wasiwasi kupita kiasi: macho yamemtoka, vidole vinacheza, jasho linamtiririka, naye anakana kabisa kwamba ana hofu. Watu walicheka kwa sababu walimjua mtu huyo. Kila mmoja wao alikuwa naye ndani ya nafsi yake.

Tarehe 15 Februari, 1960, Knotts aliona katika televisheni sehemu moja ya kujaribia, ambamo rafiki yake Griffith alicheza kama sherifu wa mji mdogo. Yafaa ieleweke kwamba sherifu huko Marekani ni mkuu wa polisi wa wilaya ambaye huchaguliwa na wananchi kwa kura. Knotts alimpigia simu Griffith akamwuliza kama sherifu huyo hakuhitaji naibu. Simu hiyo ndiyo iliyozaa Barney Fife.

MJI WA MAYBERRY

Mchezo ulianza tarehe 3 Oktoba, 1960. Mji wake, Mayberry, ni wa kubuni, umewekwa katika North Carolina kwa mfano wa miji kama ule aliozaliwa Griffith, ingawa ulipigwa picha California. Kituo cha polisi ni chumba kimoja chenye meza mbili na selo mbili. Sherifu Andy Taylor ni mjane anayemlea mwanawe mdogo kwa msaada wa shangazi yake. Yeye pia ni hakimu wa kesi ndogo ndogo. Anamjua kila mtu kwa jina, na anajua ugomvi wa kila nyumba ulianzia wapi. Kwa kawaida hachukui bastola.

Yumo mlevi mmoja wa mji, Otis Campbell, ambaye kila mwisho wa juma, akishalewa, huja mwenyewe kituoni, huchukua ufunguo unaoning'inia ukutani, hujifungia ndani ya selo na kulala. Kukipambazuka hujifungulia na kwenda zake. Hapana anayemkimbiza, hapana anayempiga. Anajua kosa lake na anajua pahali pake, kwa sababu sherifu humtendea kama mtu.

Barney ni kinyume cha mkubwa wake. Anazipenda pingu, filimbi, kofia na vifungu vya sheria. Mtoto akipita na baiskeli njia isiyo yake, Barney huona uhalifu. Hapo mwanzo iliazimiwa kwamba Griffith ndiye awe mchekeshaji. Lakini baada ya sehemu chache yeye mwenyewe aliona kwamba vicheko vyote vilikuwa kwa naibu, akaamua kuwa mtulivu na kumwachia rafiki yake uwanja. Uamuzi huo unastahili kukumbukwa na kila mkubwa wa kazi. Knotts alipata tuzo ya Emmy mara tano kwa nafasi ya Barney, mbili kati ya hizo zikiwa za ziara fupi alizofanya baada ya kuondoka. Griffith hakupata hata moja kwa mchezo huo, na hakumwonea rafiki yake wivu.

RISASI MFUKONI

Sasa tuitazame risasi yenyewe. Barney alinyang'anywa risasi zake kwa sababu bastola ililipuka mkononi mwake mara kwa mara bila yeye kukusudia, ikatoboa sakafu au dari. Kila mara alishangaa kuliko watu wote. Sherifu hakumfukuza kazi wala hakumwaibisha mbele ya watu. Alimwachia risasi moja na sharti moja: iwe mfukoni mpaka ihitajike. Na kila Barney alipodhani inahitajika, ule muda wa kuitafuta mfukoni, kuidondosha na kuiokota ulitosha kumpa sherifu nafasi ya kulimaliza jambo kwa maneno.

Kichekesho hicho kina elimu ya silaha ndani yake. Hatua iliyopo kati ya mfuko na bastola ni hatua ya kufikiri. Majeshi na polisi wa nchi nyingi wamejaribu kuiweka hatua hiyo kwa kanuni: chemba iwe tupu, usalama ufungwe, amri itangulie mlio. Yote hayo ni risasi ya Barney kwa jina jingine. Askari aliyejawa na hofu, mwenye silaha tayari, huua mtu kabla akili yake haijafika. Knotts, ambaye alipata kuwa mtoto mbele ya kisu cha mtu asiyejimudu, alilijua jambo hilo kuliko waandishi waliomtungia maneno.

Katika sehemu moja ya mwaka 1963, Barney anamwandikia faini kijana wa gereji kwa kugeuza gari pasiporuhusiwa. Dakika chache baadaye Barney mwenyewe anageuza gari pale pale. Kijana anapiga kelele kwamba raia naye ana haki ya kumkamata mkosaji, na sherifu anakubali. Barney, badala ya kulipa faini, anaingia selo kwa hasira. Mji mzima unatazama. Kicheko ni kikubwa, lakini hoja imesimama: sare haimwinui mtu juu ya sheria aliyotumwa kuilinda.

Katika sehemu nyingine, ya mwaka 1962, mwenye gazeti mmoja aliyetozwa faini na sherifu kwa mwendo wa kasi anatuma mwandishi wa kike aje kwa hila kumchunguza. Barney, kwa kutaka kujikweza mbele ya mgeni mzuri, anamsimulia makosa madogo ya mkubwa wake. Majisifu hayo yanageuka mashtaka. Siku ya kusikilizwa, Barney anasimama mbele ya watu na kukiri kwamba alisema vile ili aonekane mtu mkubwa, kisha anaeleza kwamba sherifu wake huuongoza mji kwa utu zaidi ya kitabu. Hapo Knotts hachekeshi. Anaonyesha kwamba mtu yule dhaifu ana uaminifu, na kwamba ulimi wa askari, kama bastola yake, nao hulipuka bila kukusudiwa.

KUSINI YA KWELI

Ingekuwa udanganyifu kuusifu mji wa Mayberry na kuinyamazia Kusini ya Marekani kama ilivyokuwa. Tarehe 1 Februari, 1960, majuma mawili kabla ya ile sehemu ya kujaribia kuonyeshwa, vijana wanne weusi walikaa katika meza ya chakula ya duka moja mjini Greensboro, katika jimbo lile lile la North Carolina, wakakataa kuondoka ingawa walinyimwa huduma kwa sababu ya rangi yao. Mwezi wa Mei, 1963, polisi wa Birmingham, Alabama, waliwaachia mbwa watoto wa shule waliokuwa wakiandamana, na mabomba ya maji ya kuzimia moto yakawaangusha. Hayo yote hayakuonekana Mayberry. Katika miaka yote minane ya mchezo huo, mtu mweusi mmoja tu alipewa nafasi ya maana ya kusema, nayo ilikuwa mwaka 1967, wakati Knotts alikuwa ameshaondoka.

Aidha, masherifu wa kweli walikuwapo. Mashuhuri kuliko wote alikuwa Jim Clark wa wilaya ya Dallas, Alabama, ambayo makao yake makuu ni mji mdogo wa Selma. Clark aliwapenda askari wa farasi, marungu na sare za kivita. Tarehe 7 Machi, 1965, watu wake pamoja na polisi wa jimbo waliwapiga waandamanaji waliotaka haki ya kupiga kura, na picha zikaonekana katika televisheni zile zile zilizomwonyesha Barney. Mwezi wa Agosti sheria ya haki ya kura ikapitishwa. Mwaka uliofuata wananchi weusi wa Selma walipiga kura kwa wingi, na Clark akaupoteza usherifu. Alikuwa na risasi nyingi kuliko naibu wa Mayberry, lakini hakuwa na watu.

Mtu anaweza kusema kwamba Mayberry ulikuwa uwongo mtamu. Yafaa pia kusema kwamba ulikuwa kipimo. Wamarekani walipenda kumwona polisi asiye na bastola anayeheshimiwa, na pembeni yake polisi mwenye bastola anayechekwa. Walipomtazama Clark, walijua ni yupi kati ya hao wawili aliyekosa hata ucheshi wa kumfanya asamehewe.

MIAKA YA BAADAYE

Knotts aliondoka katika mchezo mwaka 1965. Griffith alikuwa amesema mara nyingi kwamba angefanya kazi hiyo miaka mitano tu, kwa hiyo Knotts alitia sahihi mkataba wa filamu; Griffith alipobadili nia, ilikuwa tayari mambo yamekwisha. Mchezo uliendelea bila Barney hadi tarehe 1 Aprili, 1968, ukafikisha sehemu 249, na katika msimu wake wa mwisho uliongoza kwa watazamaji kote Marekani.

Knotts alicheza filamu kadhaa, mojawapo The Ghost and Mr. Chicken ya mwaka 1966, na karibu katika zote alikuwa yule yule mwoga anayejikaza. Toka 1979 hadi 1984 alipata kizazi kipya cha watazamaji kwa kuigiza mwenye nyumba katika mchezo wa Three's Company. Mwaka 1986 yeye na Griffith walirudi Mayberry kwa filamu moja ya televisheni. Uzeeni alipatwa na ugonjwa wa macho uliomfifishia nuru, lakini aliendelea kufanya kazi.

Alifariki mjini Los Angeles akiwa na umri wa miaka 81, kwa nimonia iliyotokana na saratani ya mapafu. Andy Griffith alifika kando ya kitanda chake kumuaga. Griffith mwenyewe alifariki mwaka 2012. Mwaka 2016 mji wa Morgantown ulimsimamishia Knotts sanamu mbele ya jumba la maonyesho alilolijua tangu utotoni.

Huko Marekani, polisi mwenye kiburi na asiyejua kazi mpaka leo huitwa kwa jina la Barney Fife. Jina hilo ni tusi, lakini linamsahau Barney mzima. Naibu huyo hakumwonea mnyonge kwa chuki, hakupokea hongo, na alipoogopa alikwenda kazini hivyo hivyo huku akitetemeka. Kasoro yake ilikuwa kudhani kwamba heshima inakaa kiunoni. Mkubwa wake alijua kwamba inakaa kwa watu: kwa mama muuza chai anayemsalimu askari wa doria bila kuogopa, kwa kijana anayeleta habari ya mwizi usiku, kwa mlevi anayekubali kuongozwa nyumbani. Askari anayepita katika vichochoro vya Hai Malakal, ambako watu wametoka majimbo mbalimbali na wengi wao wamekwisha kuusikia mlio wa bunduki kupita kiasi, amebeba risasi nyingi. Wakaazi wa mtaa huo watamhukumu kwa zile alizozirudisha kambini.